Upande wa Mkwe

Nyumba niliyoolewa pale Iringo, Musoma, ilikuwa na televisheni kabla mji haujapata stesheni hata moja. Watu wakiniambia natia chumvi huwa nawaacha. Ilikuwepo, nyeusi na nyeupe, ina miguu minne kama mbuzi, na ungeweza kuzungusha antena mpaka mkono ufe ganzi usipate kitu ila chenga. Baba mkwe wangu aliipata kwa padre mmoja mzungu wa misheni ya Nyegina. Yeye alikuwa fundi umeme, jenereta ya misheni ilikuwa mikononi mwake, na padre alipokuwa anarudi kwao alimwachia ile TV pamoja na kasha la plastiki lenye nyaya mbili. Mwisho wa kila waya palikuwa na kitufe cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio.

Kasha lile lilikuwa mchezo. Ulichomeka waya wake nyuma ya TV, pale pa antena, na kioo kikawa cheusi chenye mstari wa nukta katikati. Kushoto kijiti cheupe, kulia kijiti cheupe, na kipira cha mraba kinakwenda na kurudi. Ukizungusha kitufe, kijiti chako kinapanda au kinashuka. Ukiukosa mpira, mwenzako amepata bao. Basi, hakuna kingine. Tuliuita mpira wa vijiti, na majirani zetu kwa miaka miwili mitatu waliamini kwamba hicho ndicho televisheni inachofanya duniani kote. Mmoja aliniuliza kwa siri kama wazungu huwa hawachoki.

Sasa lazima niseme jambo la ukwe, maana bila hilo habari hii haieleweki. Watu wa mume wangu ni wa Butiama, na kwao mwanamke na baba mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, hawali sahani moja, na chumba chake cha kulala huingii hata nyumba ikiungua. Jina lake hulitaji. Kuzungumza naye ana kwa ana ni vibaya pia. Maneno mnapitishia kwa mtu mwingine. Mimi nilizaliwa katika familia ya wavuvi, kijiji cha kwenye rasi, na kwetu heshima ya mkwe ipo lakini haifiki huko. Mwaka wa kwanza nilidhani mzee ananichukia. Nina hasira za karibu, nikamwambia mume wangu kwamba baba yake ana kiburi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Angekuwa anakudharau angekushika mkono," alisema. "Wewe anakuheshimu, ndiyo maana anakukimbia."

Mama mkwe alikuwa ameshafariki, na pasipokuwa na mtu wa kupitishia maneno, mzee aliongea na vitu. Aliiambia redio kwamba chumvi leo imezidi. Alimwambia paka kwamba kesho anatoka mapema, angefurahi kupata chai kabla ya saa kumi na mbili. Nami nilimjibu paka kwamba chai itakuwepo. Paka yule alikuwa mtu mkubwa pale nyumbani.

Mchezo wetu ulianza Jumapili moja baada ya kanisa. Mume wangu alikuwa anacheza na baba yake, akaitwa kazini. Alifanya kazi kiwanda cha samaki, na mashine ya barafu iliharibika kila ilipojisikia. Aliacha kitufe chake sakafuni akaondoka mbio. Mpira ukawa unapita upande wake bila kuzuiwa, bao juu ya bao, na mzee akaiambia TV, "Upande wa pili hauna mtu. Inachosha kumfunga mtu asiyekuwepo."

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni nachambua dagaa. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikaenda kuokota kile kitufe, nikasimama nacho pale pale, nimejikunyata kama mwizi. Hatukuangaliana, macho yote yalikuwa kwenye kioo. Alinifunga kumi na tano kwa mbili. Nikaiambia TV kwamba mgeni hata jembe hapewi siku ya kwanza. Nikamsikia anacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka kwa neno langu.

Tangu hapo tulicheza karibu kila jioni, yeye kwenye kiti chake cha dirishani, mimi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, sebule nzima katikati yetu. Kioo kilikuwa na mstari wake na sisi tulikuwa na wetu. Hakuna aliyeona ubaya, hata wazee waliokuja kumtembelea, kwa kuwa hapakuwa na cha kuona: mkwe kakaa kwake, mzee kakaa kwake, kila mtu anazungusha kitu chake. Upande wa kulia ukaitwa upande wa mkwe, na mume wangu akitaka kucheza alilazimika kuomba.

Kijiti cha upande wangu kilikuwa na kasoro. Hakikufika juu kabisa; palibaki upenyo wa kidole kimoja, na mpira ukipita pale huna la kufanya. Mzee aliugundua kabla yangu, na hakuutumia hata siku moja akiwa anaongoza. Nilipong'amua nilikasirika, nikamwambia paka kwamba mimi si mtoto wa kuachiwa. Kesho yake nilifungwa mabao manne, yote kwa upenyo ule. Nikamwambia paka kwamba nimefuta kauli.

Nadhani nilimfahamu mtu yule kwa kitufe kuliko wanawe walivyomfahamu kwa mdomo. Akiwa na furaha alichelewesha kijiti makusudi, akaukuta mpira dakika ya mwisho. Akiwa na hasira alizungusha kwa haraka, ukaona kijiti kinaruka. Na mwaka ambao mume wangu alianza kukohoa, mzee aliiacha mipira ipite, mmoja baada ya mwingine, mkono umetulia juu ya kitufe. Nami niliacha yangu ipite. Tulikaa hivyo mpaka chakula cha jioni.

Mume wangu alikufa tukiwa na miaka sita ya ndoa na bila mtoto. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa kule Butiama kujadili niende wapi. Mjane asiye na mtoto, nilijua kinachokuja: ama nirithiwe na shemeji mmoja wa ukoo ambaye hata kikohozi chake sikukipenda, ama nirudi kwetu na sanduku langu. Nilikuwa upande wa jikoni na wanawake, sikio ukutani. Wazee walizungumza mpaka wakaanza kujirudia. Kisha nikasikia sauti ya baba mkwe. Hakumjibu mtu, aliliambia dirisha.

"Mwambieni mkwe wangu kesho tunarudi Musoma mapema. Jioni nitakuwa na nafasi ya kucheza."

Hakuna aliyeuliza tena niende wapi. Nililaza kichwa juu ya gunia la mahindi nikalia kilio ambacho sikukilia hata kaburini. Na sikumshukuru. Ningemshukuruje? Chumvi na chai unaweza kumpitishia paka, lakini si neno kama lile. Nilijiambia ipo siku nitapata njia, na kwa kuwa tulikuwa wazima wote wawili niliona siku ziko nyingi. Mtu mzima unaweza kuwa mjinga kwa miaka thelathini na usijue.

Mchezo wenyewe uliuawa na radi, siku moja ya mvua kubwa kutoka ziwani. Iliipiga antena, ikaingia na waya. Mzee alilifungua kasha, na ndani mlikuwa na kidude kimoja cheusi chenye miguu mingi kama jongoo, kimepasuka katikati. Alikigeuza geuza mkononi, akamwambia paka, ambaye sasa alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza, kwamba roho yake ilikuwa hii tu. Wakati huo stesheni zilikuwa zimeshafika, watu wanaangalia taarifa ya habari na ngonjera. Sisi tukarudi kwenye redio na ukuta. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari; nikahamishiwa Bunda, nikafundisha fizikia kule mpaka nywele zikabadilika rangi, na kila Ijumaa nilipanda gari kurudi Musoma kupika na kuongea na paka.

Kisha mzee akaanza kusahau. Kwanza majina ya mitaa, baadaye njia ya chooni. Akadai apelekwe kwao Butiama, na alipofika akadai apelekwe kwao. Niliomba kustaafu mapema nikahamia huko, maana hakuwa na mtu mwingine. Mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja, na mabinti zake wameolewa mbali. Wazee wa ukoo walinong'ona kuhusu kumwogesha na kumlisha. Shangazi wa mume wangu, mwanamke ambaye hana subira na mtu yeyote, ndiye aliyewanyamazisha.

"Ugonjwa hauna mkwe," aliwaambia. "Anayeona haya aje amwogeshe yeye."

Hakuja mtu. Siku niliyomshika mkono kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeishi naye zaidi ya miaka thelathini, na sikuwa najua kwamba kidole chake cha shahada hakikunjiki vizuri. Nilimwogesha nikiwa nimeangalia pembeni. Nilipomaliza kumvika shati alinishukuru kwa adabu sana.

"Asante, mama. Wewe ni binti wa nani?"

"Ni mimi, baba. Mkwe wako."

Alitabasamu kama mtu anayemstahi mwongo. "Mkwe wangu ni mwalimu. Yuko Bunda. Anakujaga Ijumaa."

Ikawa hivyo kila siku. Jumatatu mimi ni mama fulani mwenye mikono mizuri, Jumanne ni nesi, Ijumaa anakaa anachungulia barabarani akimsubiri mkwe wake, na mimi ndiye niliyemshikia kikombe akimsubiri. Nilivumilia mengi, mashuka, harufu, kuamshwa, lakini hilo lilinila moyo. Nilitaka kitu kimoja tu: anijue hata kwa dakika tano, nimwambie asante ya siku ile ya wazee. Na nilimwona anavyopungua. Nguo zilimpwaya kutoka wiki hadi wiki.

Ndipo nilipoufikiria mpira wa vijiti. Miaka yangu ya mwisho shuleni nilipewa na somo la kompyuta, kwa hiyo nilijua kuna kitu kinaitwa emuleta, programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye mashine ya zamani. Nikaingia mtandaoni kwa simu, nimekaa karibu na zizi ambako mtandao unashika. Mashine zilizokuja baadaye, zile za kuchomeka kaseti, zimejaa. Programu iliyokuwa ndani ya kaseti imeshatolewa na kunakiliwa, unaifungua tu unacheza. Lakini yetu ilikuwa ya kizazi cha kwanza kabisa. Haikuwa na kaseti wala programu. Mchezo ulikuwa ndani ya saketi yenyewe, kwenye tumbo la yule jongoo, na huwezi kunakili maandishi ya mtu ambaye hakuwahi kuandika. Wanaotaka kuufufua hulazimika kuuiga kipande kwa kipande, kwa kukumbuka ulivyokuwa.

Nilijaribu ile michezo ambayo wengine wameiga. Mpira ulikuwa laini mno, vijiti vinafika juu. Nikaona ni kama kumvalisha mtu mwingine koti la marehemu. Basi nikaamua kuandika wa kwangu. Nilishuka Bunda kwa fundi redio mmoja, nikamwomba vitufe viwili vya sauti kutoka kwenye redio mbovu, naye akaniuliza kama nafungua studio. Mtaka cha mvunguni huinama. Niliinama kweli, nimevaa miwani miwili kwa pamoja, nachomelea nyaya kwa risasi sakafuni huku mzee amelala chumba cha pili. Ilinichukua wiki tano. Nilikosea, nikatukana kwa lugha ya kwetu, nikaanza upya. Niliweka kipira cha mraba. Niliweka mlio, nikiutafuta kwa sikio mpaka ukawa ule ule. Niliweka ule upenyo wa kidole. Niliweka hata picha inavyotetemeka kidogo, kama ilivyokuwa jirani akiwasha mashine ya kusaga. Niliposhuhudia vile vijiti viwili kwenye laptop nilisimama nikajipigia makofi peke yangu.

Asubuhi yake nilikaa naye ukingoni mwa kitanda, laptop kwenye stuli mbele yetu, kibao chenye vitufe viwili juu ya mapaja yetu. Nilimwekea mkono wake kwenye kitufe cha kushoto. Sikumweleza kitu. Mpira ulipotoka, kijiti chake kikashuka kuupokea. Akaupokea wa pili, wa tatu akauchelewesha makusudi, kwa ule utani wake, na mimi machozi yalinitoka nikashindwa kuona upande wangu.

"Mkwe leo anacheza ovyo," aliiambia laptop.

"Ni mimi, baba," nikamwambia. "Mimi ndiye mkwe. Niko hapa."

Aligeuka akaniangalia, bega langu limegusana na lake. Akajisogeza mpaka akakaribia kuanguka upande wa pili.

"Mama, usiseme hivyo," alisema. "Mkwe wangu ana heshima zake. Hawezi kukaa kitanda kimoja na mimi. Yeye anakaaga mlangoni."

Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira naye, Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira na mgonjwa. Niliegemea zizi nikasema maneno ambayo ng'ombe tu ndio waliyasikia. Hasira ilipopoa ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Nyaya za kasha la padre zilikuwa fupi. Ziliundwa kwa watu wawili wanaokaa bega kwa bega. Siku moja baada ya ile Jumapili ya kwanza, niliporudi kutoka sokoni nilikuta kigoda kimewekwa mlangoni mwa jikoni, na juu yake kitufe cha upande wa kulia. Waya wake ulikuwa umeungwa kwa waya wa kengele, maungio yamezungushiwa utepe mweusi, umepitishwa nyuma ya kabati na kupigiliwa ukutani kwa ufundi mpaka pale. Mzee alikuwa anasoma gazeti. Nami nilikuwa nimeiga mlio, upenyo, hata mashine ya kusaga ya jirani, lakini hicho sikukiiga. Mwalimu mzima wa fizikia, nikasahau umbali.

Nilinunua waya hapa hapa Butiama. Nikakikata kile kibao vipande viwili, nikaunga mita sita, nikaunganisha laptop na TV kubwa ya sebuleni. Ijumaa mchana nikamwogesha mzee mapema, nikamkalisha kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, mito huku na huku, kitufe mkononi. Kisha nikazunguka nje, nikafunga kitenge vizuri na kilemba, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikakaa kwenye kigoda bila kumtazama.

Mpira ukatoka. Tukacheza mabao matatu manne.

"Mkwe wangu leo amewahi," mzee akaiambia TV. Sauti ilikuwa ya zamani, ya mtu mwenye nyumba yake. "Sijui huko Bunda mvua imenyesha?"

Nilishika fremu ya mlango. "Mwambieni baba imenyesha," nikaiambia TV. "Mahindi yamesimama vizuri."

"Afadhali. Na njiani hakupata shida?"

"Hakupata."

Akafurahi. Alichelewesha kijiti, akanifunga, akacheka. Alikuwa anaongoza, na mpira ambao angeweza kuupitisha juu, kwenye upenyo wangu, aliuelekeza chini. Anauacha upenyo mpaka sasa, nikawaza, hajui ni mwaka gani lakini ananiachia. Nikajua nikisubiri kidogo tu sitaweza kusema. Nikaiacha mipira yangu ipite.

"Mwambieni baba," nikaanza, nikakaza fundo la kitenge, nikaanza tena. "Mwambieni baba kwamba mkwe wake ana neno la siku nyingi. Siku ile wazee walipokaa, yeye akasema kesho tunarudi Musoma..."

Mkono wake ukasimama juu ya kitufe. Aliinamisha kichwa upande wangu ili asikie vizuri, akainama tena zaidi, na mto wa kushoto ukateleza. Nilimwona anakwenda. Nilitupa kitufe nikavuka sebule, nikapiga magoti nikamdaka kwapani kabla kichwa hakijafika sakafuni. Alikuwa mwepesi, hata hivyo sikuweza kumrudisha mara moja. Nikabaki nimemkumbatia, kidevu chake begani kwangu.

Aliponiona uso wake ulijaa woga na aibu.

"Mama, niache," alininong'oneza. "Mkwe wangu yuko pale mlangoni. Ataona vibaya."

"Utaanguka, baba."

"Basi nishike. Lakini nyamaza, mama. Kuna neno alikuwa anataka kuniambia."

Nikanyamaza. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye mkono wangu, na wote wawili tukawa tunaangalia mlangoni.